Mlango Niliouchora Wodini

Mpendwa mshauri, nisaidie na usinicheke, maana mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi ni fundi rangi, mama wa watoto wawili, na mwezi uliopita nilipata kazi ya kupaka upya wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, kuta krimu, milango kijivu, basi, ila ukuta mmoja wa mwisho wa wodi muuguzi mkuu aliniambia nichore chochote cha kuwachangamsha wagonjwa, ua au samaki, nami sikuchora ua wala samaki.

Nikueleze kidogo, kila Jumamosi mchana tunakutana watu saba chumba cha nyuma cha maktaba kusoma mashairi ya ishara, yale ambayo ndege si ndege tu wala taa si taa tu, na kiongozi wetu, karani mstaafu wa posta, hutufundisha kwamba ulimwengu huu tunaoushika ni kivuli, ule halisi na mkamilifu uko nyuma yake, na shairi au picha ikitungwa sawasawa inaweza kutufikisha huko, nami nilimwamini kabisa, kwa hiyo nikachora mlango wa buluu usio na nyumba, umefunguka kidogo, na kwenye ule upenyo nikatia mwanga wa manjano hafifu, niliurudia ule mwanga mara sita, na mara ya sita, mshauri, nilihisi kama kuna mtu upande wa pili ameshusha pumzi.

Kitanda cha nne amelazwa mzee mmoja, fundi cherehani, mapafu yamemchoka, aliomba kitanda chake kigeuzwe autazame ule mlango, na siku ya mwisho nikiwa nakunja turubai akaniita.

“Mwanangu, wewe uliyeuchora, umeshafika kule?”

Nikasema, “Nimefika, baba.”

Akauliza kukoje, nikamwambia kumetulia, hakuna anayekohoa. Akafumba macho, akatabasamu.

Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu sijafika popote, nilihisi pumzi tu na huenda ilikuwa yangu mwenyewe, kiongozi wetu anasema sikudanganya kwani ishara haisemi uongo, mume wangu anasema rangi ni rangi, na sasa binti wa yule mzee, mwalimu wa shule ya msingi, amenipigia simu kwamba baba yake siku mbili hizi anakataa dawa, anasema ya nini kuchelewa kwenda kule, na dada wa watu hata hanilaumu, ananiomba tu niende Jumatatu nikazungumze naye. Nitasema nini? Sanaa inafika kule, au tunajidanganya? Nikaufute ule mlango?

Fundi Rangi Aliyekosa Usingizi

JIBU

Fundi, barua yako nimeipitisha mbele ya foleni, kwa hiyo nawe usingoje Jumatatu.

Ukuta usiuguse. Mlango haukukosea, ulimi wako ndio uliokosea. Mgonjwa alikuuliza swali la kweli, ukampa jibu tamu kwa kuwa ulikuwa na haraka ya kuondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kidonge kisichomezwa. Pole, lakini ndivyo ilivyo.

Kama sanaa inafika, mimi sijui. Miaka kumi na minne nimejibu barua za mawifi na wakwe, ulimwengu mkamilifu haujawahi kuniandikia. Ila nakuona hivi: hukufika, ulisogea. Kusogea si jambo dogo. Mtu aliyekuwa akitazama dari kutwa aliomba ageuzwe. Mlango ulimfanya atazame. Jibu lako ndilo lililomfanya aache kutazama, aanze kusubiri. Ulichokiacha wazi kwa brashi ulikifunga kwa maneno. Kiongozi wenu naye mwambie ishara isiwe kichaka cha kujificha.

Sasa nenda leo, saa za kuona wagonjwa. Pitia kwanza kwa muuguzi mkuu, mweleze yote, yeye na daktari wajue sababu ya mzee kukataa dawa. Kisha vuta kiti, ukae, usizungumze naye umesimama. Mwambie, “Baba, nilikudanganya. Sijafika. Nilipokuwa nachora nilihisi kitu, na mpaka leo sijui ni nini.” Usimhubirie habari za vivuli. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake.

Akishatulia, muulize kama amewahi kushona suti ya mtu ambaye hajamwona, kwa vipimo vya kuletewa tu. Ufundi ule naujua, marehemu baba yangu alikuwa nao. Atakuambia ameshona nyingi, na kwamba zipo zilizowakaa wenyewe sawasawa. Hapo swali lako, kama sanaa inafika kusikoonekana, utakuwa umejibiwa na mtu anayejua kuliko mimi.

Na akikolea kusimulia, mpungie muuguzi mkono alete dawa. Mzee aliyefika katikati ya hadithi humeza upesi ili aendelee.