Matusi ya Seremala

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii haifai kusomwa wima. Ada inanitaka nikuambie kwamba mimi ni mzima kabisa na wasiwasi wangu wote uko kwako. Nikisema hivyo nitakuwa nimeanza na uongo, na mambo ninayotaka kukuandikia hayataki kuchanganywa nao. Goti linanilia kama bawaba yenye kutu, meno yaliyobaki yako mbalimbali mpaka yanasalimiana kwa simu, na sikio la kulia limestaafu kabla yangu. Vingine vyote vinafanya kazi. Wewe je? Kifua kimepungua? Unakula, au unawatazama wanaokula? Jirani yako aliniambia umekonda. Nikamjibu kwamba katika ukoo wetu hajawahi kutokea mwanamke aliyekonda, labda alikuona ukiwa umesimama ubavu. Lakini moyoni sikucheka, mama.

Najua unajiuliza imekuwaje mzee aliyeruka dirisha la shule akiwa hajamaliza hata kujumlisha ameshika kalamu, na simu ipo. Simu unanikatia. Nikianza tu kumtaja mwanao, nabaki nasikiliza upepo. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, ila nakufahamu tangu unatambaa: utaisoma mpaka mwisho kwanza, ndipo uichane.

Hapa klabuni bado nafua jezi. Wachezaji wananiita Babu Sabuni, na wengine wadogo kuliko soksi zangu wananiuliza kama nimewahi kuoa. Chumba cha kufulia kiko chini ya jukwaa. Kina mashine zinazotikisika kama wazee wanaogombea mpaka wa shamba, kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta, na kidirisha kinachoonyesha viatu vya wapita njia tu. Kwa miaka niliyokaa humo nimejidanganya kwamba najua kusoma jezi. Naishika kabla sijaitia majini, nasema huyu alikimbia, huyu alitembea, huyu alikuja kuwaangalia wasichana. Ya nahodha huja nzito kama mbwa aliyetolewa kisimani. Ya mwanao Panzi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Halafu, baada ya ule mkataba mnono, ikaanza kuja kavu. Ungeweza kuipiga pasi ukaivalia harusini.

Watu walibishana sana juu ya jezi ile. Kocha alishuka siku moja kutafuta filimbi yake, akanikuta nayo mkononi, akasema ndivyo ilivyo, mbwa aliyeshiba hawindi. Mchezaji mpe mshahara wa kumtosha nauli na sabuni, utamwona anavyoruka. Mchua misuli alikuwa humo akisubiri taulo zake, akambishia. Akamuuliza mbona nahodha analipwa kuliko Panzi na anakimbia kama aliyeiba kuku. Kocha akasema nahodha ni mwendawazimu, hawezi kuwa mfano. Mchua misuli akamwambia basi asajili wendawazimu watupu. Wakageuka kuniuliza mimi. Nikasema niko upande wa kocha, mimi naamini jezi. Redioni nao walisema vivyo hivyo, kwamba pesa imemlegeza kijana. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na vijiko. Panzi akipewa mpira tu, wanagonga vijiko kwenye viti, jukwaa zima, kumwambia ameshiba. Mimi nilikuwa chini yao pale. Usiombe kusikia sauti ile ukiwa chini yake, na anayegongewa ni mtoto wa dada yako.

Sasa nikurudishe nyuma. Unakumbuka marehemu mumeo alivyokuwa akimpigia simu kila baada ya mechi. Wewe uliusikia upande wa huko. Huku ilikuwa hivi: mechi ikiisha, Panzi anashuka kwangu hata viatu hajavua, anakaa juu ya kapu la jezi chafu, anaiweka simu kwa sauti ya juu ili na mimi nipate kusikia. Shemeji hakuwa na salamu. Alianza moja kwa moja. Umesimama pale mbele kama mlango uliokosa bawaba. Pasi yako imepinda kuliko ubao ulionyeshewa. Wewe ni msumari gani, huingii wala hutoki? Hakuwahi kutaja mama wa mtu wala maungo ya mtu. Yalikuwa matusi ya kiseremala, yamepimwa kwa rula. Panzi alicheka mpaka anashika ukuta. Kisha anauliza taratibu, sasa Baba, nifanyeje? Na shemeji, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupiga mpira ila kwa bahati mbaya, anamweleza. Mechi inayofuata kijana anakimbia kama amefukuzwa na nyuki.

Mkataba ukaja. Akawajengea nyumba, akamnunulia baba yake msumeno wa umeme. Mechi ya kwanza baada ya hapo alikosa goli ambalo hata mimi na goti langu ningelifunga. Kipa alikuwa amelala chini anatafuta glavu. Akashuka kwangu anasugua mikono, ananiambia Mjomba leo utafurahi, leo napasuliwa mbao. Simu ikaita. Shemeji akamsalimia. Akamuuliza habari za kazi. Akasema tumekuona mwanangu, umejitahidi, pole na uchovu. Panzi akacheka, akangoja. Shemeji akamwambia awasalimie viongozi wake, akaaga. Kijana akabaki anaiangalia simu kama imemwita kimakosa.

Ikawa hivyo kila mara. Umejitahidi, pole na kazi, Mungu akuzidishie. Mwanzoni mimi nilidhani shemeji amezeeka tu. Panzi akaacha kuweka sauti ya juu. Baadaye akaacha kushuka. Na ndipo jezi ikaanza kukauka.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Shemeji akafariki. Mwanao akaja kwenye mazishi na gari lile refu, akasimama kaburini macho makavu kama jezi zake, akaondoka viti vya wageni havijakunjwa. Ukaniambia pesa imemla moyo, na kwamba asikanyage mlangoni kwako mpaka na wewe wakuzike. Nikakuunga mkono. Nilisema hata machozi siku hizi anataka alipwe kwanza ndipo ayatoe. Tulikuwa wawili, dada, na wote tulikuwa tumesoma jezi vibaya.

Klabu imemwacha. Gari hana tena, nyumba ya kupanga ameirudisha, amehamia kwangu. Usifikiri ni kwa shida ya kula. Anasema hawezi kukaa mahali ambapo hakuna kelele za mashine. Kutwa yuko nami chini, ananisaidia kazi bila kuombwa, na anaifanya vibaya sana. Juzi mchana nilimkuta ameanika jezi zote za timu kwa kola, zimevutika shingo kama za twiga, na kesho yake kuna mechi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia hata kamba hii inafanya kazi kuliko wewe, nayo imelala.

Akaganda na kibanio mkononi. Nikajua nimemuumiza, nikaanza kutafuta neno la kurudisha. Akaniambia, "Rudia, Mjomba."

Nikarudia. Na kwa vile unanijua, nikaongeza: nikamwambia vibanio wanalalamika kwamba wamepewa mwenzao asiyeuma. Akacheka. Alicheka kicheko kile cha zamani cha kushika ukuta, ukuta akaushika, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Mtu mzima yule, mabega kama kabati, alikaa juu ya kapu akalia mpaka nikawasha mashine tupu, isiyo na nguo, ili waliokuwa juu wasimsikie. Dada yangu, machozi yale ndiyo uliyoyadai makaburini. Yalikuwepo. Yalichelewa kupata mlango.

Akanieleza yote. Alisema tangu mkataba ule hakuna mtu anayemwambia ukweli. Rafiki zake wa utotoni wanamwita mkuu. Binamu zake wanacheka kabla hajamaliza utani. Hayo aliyavumilia, kwa sababu alijua baada ya mechi kuna mtu mmoja atakayemwambia amesimama kama mlango. Mtu huyo naye akaanza kumwambia pole na kazi. Akadhani labda baba yake anaona amecheza vizuri. Basi akaamua kucheza vibaya kidogo. Umejitahidi, mwanangu. Akacheza vibaya zaidi. Mungu akuzidishie. Akaacha kukimbia. Akasimama katikati ya uwanja mikono kiunoni, vijiko vinagongwa, nchi nzima inamzomea, na yeye anahesabu dakika zilizobaki afikie simu.

"Nilitaka anikaripie, Mjomba. Basi. Ningekimbia."

Mechi ya mwisho, wewe na shemeji mliitazama nyumbani, yeye akiwa tayari amevimba miguu. Panzi alijifunga goli. Hakuteleza. Alimwangalia kipa wake, akapiga. Alisema alijua hapo hakuna baba duniani atakayenyamaza. Akaenda chooni peke yake na simu. Shemeji akamwambia umecheza vizuri, mwanangu, lala salama. Wiki ile ile akafa. Anasema makaburini hakulia kwa sababu aliyekuwa anazikwa alikuwa mtu mstaarabu sana ambaye yeye hamjui. Baba yake alikuwa amekufa siku nyingi nyuma na hakuna aliyemwita kuja kumzika.

Kocha na mchua misuli bado wanabishana. Nimewaacha waendelee. Nikiwaambia kwamba pesa haikugusa miguu ya kijana, iligusa ndimi zetu sisi, watasema Babu Sabuni amekunywa maji ya mashine.

Sasa, mdogo wangu, kama ulikuwa umesimama kaa kitini, na kama ulikuwa umekaa shika meza. Kuna jambo nililonalo ambalo Panzi hana, na sijamwambia.

Siku zile shemeji alipoanza ustaarabu wake, nilimpigia. Nilimuuliza kama amemeza gundi. Akaniambia, dada yako amenikataza. Alisema ulimketisha sebuleni kwenye nyumba mpya, ukamwambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kwamba kijana sasa ni mkubwa, watu wanamwinamia, akichoka na mdomo wa baba yake atatusahau, na sisi tutarudi kule tulikotoka. Shemeji alibisha, halafu akaona pengine unasema kweli. Tangu hapo akawa anampigia mwanae kama anayempigia meneja wa benki. Na mimi, msomaji wa jezi, sikuyaunganisha hayo na jezi kavu mpaka juzi.

Sikuandikii kukushitaki. Mtu aliyewahi kulaza watoto kwa maji ya moto badala ya chakula huogopa sahani ikijaa, anahisi mwenye sahani atakuja kuidai. Ulimpenda mwanao, ukaogopa kumpoteza, ukamfunga mdomo mtu pekee aliyekuwa amemshika. Kama ningekuwa wewe ningefanya hayo hayo, tena kwa kelele. Nimelia kwa ajili yako kuliko kwa ajili yake, na usimwambie mtu, maana hapa klabuni nina heshima.

Lakini shemeji aliniambia na jingine. Alisema matusi hayakuisha, yalikosa tu pa kwenda. Kila akimaliza kuongea na mtoto kwa adabu, anakwenda karakanani, anafunga mlango, anaziambia mbao. Yote. Wewe simama vizuri, wewe mbona pasi yako imepinda. Anaudondoshea machozi ubao wa watu, halafu anaupiga msasa ili mwenyewe asione. Na alisema wewe hutoka jikoni kufunga dirisha, majirani wasisikie.

Kwa hiyo ulisikia. Wewe peke yako, duniani kote, ndiye uliyesikia.

Panzi atafika kwako Jumamosi. Sikumlazimisha, alijiuliza mwenyewe kama utafungua, nikamwambia sijui, nawe hujui. Usimwandalie. Usimpe kiti cha wageni, usimwite baba wala mkuu, usimuulize habari za kazi, kazi hana. Na usianze na kuomba msamaha, hilo litapata siku yake. Siku ile aliyojifunga goli, simu ilipokatwa, bila shaka shemeji aliingia karakanani kama kawaida yake. Sijui alisema nini. Natamani kujua mpaka nakosa usingizi, lakini haki si yangu. Wewe unajua. Maneno yale hayakuwa yako wala ya mbao. Mpe mwenyewe, yote, na makali yake, usiyafue.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na yule fundi msaidizi wa marehemu anayetafuta msumari kwa kidole gumba chake. Mchua misuli anakusalimu, ingawa hakujui, kwa sababu ameniona naandika na hapendi kupitwa. Ukinijibu, andika herufi kubwa. Ukinichukia, andika hata hivyo.

Mwanao atabisha hodi taratibu, kama mtu asiye na kwao. Fungua kwa nguvu, kisha mkaripie.

Ni mimi kaka yako, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji,
Babu Sabuni