Mama Yetu Debra, Aliyengoja na Mbegu Mkononi

Ko, ko, ko. Kijiko kikigonga sufuria: hivyo ndivyo tulivyoamka hapa Asembo Bay, kabla hatujaona moshi wala uso wako. Ulikuwa ukimwita Mama Mkubwa Milka, mke mwenzako, aje kwa chai. Mwaka umezunguka, Mama, tangu sauti hiyo inyamaze, na bado masikio yetu huitafuta kila asubuhi.

Uliuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni kwa kicheko. Mteja akilalamika, ulimwongezea kiganja kimoja, kisha ukamtania hadi akarudi kesho yake.

Ulikuwa mke wa pili, na hatutalipamba jambo hilo. Katika boma letu, mbegu ya mke wa kwanza ndiyo hutangulia ardhini. Mwaka ule Mama Mkubwa alipolazwa Kisumu, ulingoja na mahindi mkononi mpaka mvua ikakuacha. Hukumlaumu. Ulimpelekea uji wodini.

Kisha ukalipenda kanisa la Wamormoni. Wahubiri vijana walikueleza kwa upole kwamba huwezi kubatizwa ukiwa bado kwenye ndoa ya wake wawili. Ukamuuliza mmoja wao, Mmarekani, kama kwao hakukuwahi kuwa na wake wenza. Akakiri, uso umemwiva, kwamba nyanya wa babu yake alikuwa mke wa tatu.

"Basi naye alijua kungoja," ulimwambia. "Kunywa chai, mwanangu. Mimi simwachi Milka."

Baba alioa mara mbili, lakini waliongoja ni nyinyi: zamu ya shamba, zamu ya mume, hata zamu ya Mungu. Hilo linanichoma mimi mwanao mpaka leo. Wewe ungenicheka na kuniambia nile kwanza.

Baba alipofariki, ukabatizwa. Mama Mkubwa, Mwanglikana wa tangu utotoni, ndiye aliyekushikia taulo. Ulipotoka majini ukipiga chafya, alicheka hadi mhubiri naye akashindwa kujizuia.

Tunaokukumbuka ni Mama Mkubwa Milka, wanao Winny na Calvince, mkaza mwanao Naswa, wajukuu, na akina mama wa omena. Hutatutoka moyoni, daima.

Jana wingu lilipotanda, Mama Mkubwa alisimama kaburini pako na kikapu cha mbegu, sote tukisikia.

"Mama Winny," alisema, "mwaka huu tunaanza na shamba lako. Langu litangoja."