Mlima wa Katikati

Dada yangu,

Hujambo na wanao? Mimi mzima, ila upepo wa huku unataka kuning'oa masikio.

Milima yetu midogo, dada, imepangana mitano kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Mimi niko juu ya huu wa katikati, kwenye mnara wa simu. Mashariki kuna mvua, huko kwenu vumbi. Jua likipanda naliona bati lako linang'aa.

Mjomba aliniambia, "Nishikie lindo mara moja tu, mpwa wangu, nashuka kuoa." Alishuka huko kwenu mahindi yakiwa machanga, sasa yanavunwa. Nikiondoka hivihivi, mafuta ya jenereta yataibiwa, afukuzwe kazi. Mama muuza kuni akipita ananitania: "Wewe, bado hujaota mizizi?" Nacheka tu. Unanijua, sina maneno.

Lakini fundi magari kasema nisipofika Jumatatu, nafasi yangu ya kujifunza anampa mwingine. Nimemtumia mjomba salamu mara mbili, anajibu, "Vumilia."

Barua hii anakuletea huyo mama. Ndani kuna ufunguo wa geti. Mpe mjomba leo hii, mkononi, mkewe akiona. Akiuliza niko wapi, mwambie nimeshateremka.

Ni mimi, mdogo wako