Nimesifu Klachi Miaka Kumi na Moja, Leseni Yangu ni ya Otomatiki

Mpendwa Bi. Kuramochi, naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tatu, naishi Shibukawa, na kila Jumapili asubuhi tunakutana wapenzi wa magari kwenye kituo cha mapumziko chini ya Mlima Akagi, tunakunywa kahawa ya kopo na kubishana, eti SUV za mbio ni magari au ni mabasi, na gari gani la bei ya kawaida linampa mtu raha ya kweli, na katika mabishano hayo bingwa ni mimi, wananiita Profesa, kwa sababu miaka kumi na moja nimewahubiria kwamba gari la kweli ni kigari kifupi, chepesi, chenye gia za mkono, kama kile chekundu cha Mzee Iwamatsu, na kwamba mtu wa otomatiki haendeshi, anabebwa.

Kusakabe, mwenye SUV nyeusi, hunichokoza: "Profesa, hii yangu ina nguvu za farasi mia mbili sabini na watoto watatu nyuma. Hicho kikopo cha mzee kina nini?"

"Kina klachi, bwana! Wewe unaendesha sebule," namjibu, na watu wanavunjika mbavu, Mzee Iwamatsu kuliko wote.

Sasa aibu yangu ni hii. Leseni yangu ni ya otomatiki tu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa gari la mafunzo lilinizimikia kwenye mwinuko mara sita mfululizo, nikahamia kozi ya otomatiki, sikumwambia mtu. Wakiuliza mbona nakuja na kigari cha otomatiki, nasema mke wangu hawezi gia, ingawa mke wangu ndiye anayeendesha lori dogo la kabichi la wazazi wake, la gia za mkono, na hajui kwamba nimemsingizia.

Jumapili iliyopita Mzee Iwamatsu, ambaye ana miaka sabini na minane, alisimama akasema: "Jamani, mwisho wa mwezi ujao narudisha leseni polisi. Macho yamechoka. Gari namwachia Profesa, nyie wengine mtaliua." Halafu akanishika bega. "Jumapili ya mwisho ushike usukani wewe, mimi nikae kushoto, tupande Akagi mpaka ziwani kule juu. Miaka ishirini na sita sijawahi kuwa abiria kwenye gari langu mwenyewe."

Wote wakapiga makofi, Kusakabe akafuta machozi, nami nikainama nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo natafuta kisingizio, kwa sababu kumwambia ukweli siwezi, yule mzee nampenda kama baba. Je, niseme mgongo umenikamata, au niseme mke wangu amekataa gari la pili?

Profesa wa Uongo, Shibukawa

*

Profesa,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sikucheka. Nimechoka tu. Mzee anakupa gari lake na Jumapili yake ya mwisho barabarani, wewe unaniuliza uongo upi utamkaa vizuri! Tena ule wa pili unambebesha mkeo, ambaye anabadilisha gia na shehena ya kabichi nyuma wala hajamhubiria mtu.

Pole, lakini. Najua kuzimikiwa kunavyouma. Mimi nilizimikiwa mbele ya reli, foleni nzima nyuma yangu ikasubiri kimya, na heri wangepiga honi.

Ila unajua kuondoa hicho kizuizi cha otomatiki kwenye leseni kunataka nini? Masomo manne ya vitendo katika shule ya udereva, na mtihani palepale. Manne! Umebishana Jumapili zaidi ya mia tano kuhusu kitu cha muda wa saa nne tu. Kajiandikishe kesho. Usiguse usukani wa lile gari kabla leseni haijarekebishwa, maana ni kosa, na kona za Akagi si mahali pa kujifunzia na mzee pembeni.

Leo jioni mwombe mkeo radhi. Akishamaliza kukufokea, na ana haki, mwombe akufundishe klachi kwenye lile lori, ndani ya shamba la wazazi wake.

Kisha nenda kwa Mzee peke yako, umwambie. Unaogopa atakunyang'anya gari? Soma tena barua yako. Miaka kumi na moja unalisifu gari lake, na hujaandika popote kwamba aliwahi kukurushia funguo akasema, "Hebu jaribu." Mtu anayekupenda kiasi cha kukuachia gari! Nadhani anajua siku nyingi, na amekuwa akikusitiri. Angeweza kusema mpande mlima Jumapili hii. Amesema mwisho wa mwezi ujao, mbele ya watu wote, ili usirudi nyuma na upate muda wa kwenda shule. Basi nenda.