Spana ya Ajuza

Mwanangu wa pekee,

Pokea salamu za mama yako. Kifua bado kinakusumbua? Unajifunika vizuri? Mimi sijambo, ila magoti, na hayo umeyazoea. Baba yako yupo, habari zake nitakueleza. Usinicheke mwandiko, najua umepanda na kushuka kama kuku amekanyaga wino. Siku zote jirani yetu Mama Miwani ndiye huniandikia, lakini maneno ya leo siwezi kuyatamka mbele ya mtu.

Trekta letu, Ajuza, bado liko bandani, limeegeshwa juu ya magogo vilevile ulivyoliacha miaka mitatu iliyopita. Magurudumu ya nyuma yameliwa na kutu, na kuku wamekigeuza kiti mahali pa kutagia. Baba yako kila akipita anayapigapiga kwa kiganja kama anayemwamsha mgonjwa.

Tangu ile spana kubwa ipotee hajatulia. Wewe unaijua kuliko mimi, maana mliichonga pamoja kwa chuma cha springi ya lori, wewe ukishika, yeye akipiga nyundo, kwa kuwa nati za Ajuza ni za vipimo vya zamani visivyouzwa tena. Mwezi uliopita alichora nati kwenye kipande cha boksi, akazunguka nacho maduka yote ya vifaa. Muuzaji mmoja alimtolea spana zote alizonazo. Hii ikacheza, ile ikagoma kuingia. Mwisho akamwambia mzee, trekta la umri huo spana zake zilizikwa na wenyewe. Baba yako akamjibu kwamba hata yeye ni wa umri huo, na asubuhi amekunywa chai vizuri tu. Wakacheka wote dukani. Akarudi mikono mitupu.

Basi akaanza kuchonga nyingine peke yake. Wiki mbili nzima nasikia tupa inakwaruza chuma, na mimi niko jikoni. Macho yake si yale, mwanangu. Siku ya kuijaribu, spana ikateleza, ikazila kona za nati, yeye akaangukia mkono. Haukuvunjika, usiruke. Nilimfunga kitambaa.

Akabaki ameketi pale chini, ameegemea gurudumu. Akasema amekuonea. Akasema mtoto hakuuza spana, ni yeye mwenyewe aliyeiweka mahali akasahau, kwamba kichwa chake kimeanza kuvuja. Tangu siku hiyo hagusi chombo. Patasi zake amewagawia watu. Nikimtuma kitu ananiuliza mara mbili mbili, anaogopa kusahau. Aliniomba nikuandikie kwamba amekosa, nami nikamjibu nitamwambia Mama Miwani. Sikumwambia.

Sasa kaa chini kwanza, mwanangu. Ile spana niliichukua mimi.

Unakumbuka mlivyopanga kuyang'oa magurudumu, kuyafufua, kisha uondoke na Ajuza ukalime mashamba ya watu huko mbali. Kila jioni mlikuwa mnaongea safari, mnataniana, na mimi naondoa vyombo mezani. Nikasema moyoni, wasipopata spana gurudumu halitatoka, na gurudumu lisipotoka mwanangu atakaa msimu mmoja zaidi. Mmoja tu, sikutaka zaidi ya hapo. Nikaiviringisha kwenye ile nguo niliyokubebea mgongoni ulipokuwa mchanga, nikaisukuma chini ya sanduku langu.

Sikujua baba yako atakuita mwizi. Mlipokuwa mnapigiana kelele mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nikadhani mkipoa nitaitoa kimyakimya, niseme nimeiokota. Ukachukua begi lako. Niliyetaka akae ndiye niliyemfukuza. Na baba yako nimemwacha ajione amerukwa na akili, mtu aliyekuwa anajua kila nati ya Ajuza kwa kupapasa tu.

Nilifikiri nikutumie spana uje nayo. Kisha nikaona ukiingia nayo mkononi watu watasema kumbe kweli. Hapana. Leo baba yako amekwenda kupima macho. Nimeifuta kutu, nimeiweka mezani, pale anapowekaga kikombe chake. Dereva wa lori la mchanga anapita adhuhuri na barua hii nitampa kabla baba yako hajarudi, makusudi, ili nisipate pa kurudi nyuma. Ukiisoma, atakuwa ameshajua. Sijui ataniambia nini. Asiponitaka, nitafute kwa shangazi yako.

Mimi usinihurumie. Ila ukipata ruhusa kazini, njoo umwambie kwamba kichwa chake ni kizima. Nitamwambia mimi kwanza, lakini sidhani kama ataniamini tena, na wewe atakuamini. Mshike mkono umpeleke bandani. Nati alizoziharibu ni mbili tu, nimezihesabu, nyingine bado zina kona.

Wasalimie wenzako wa kazi. Vaa sweta, usiseme ni la kizee. Lori nalisikia linapanda kilima.

Ile nguo nimeifua mara tatu. Doa la kutu halitoki.

Ni mimi,
Mama yako