Aliyezima Kamera za Bungoma

Section Six,
Kitale.
Jumanne, 16 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Muchiri,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, mama watoto na watoto wenyewe? Baridi ya Kanada imeshaanza kuwauma ama bado inawachungulia tu? Nilisikia kifua kinakusumbua tena. Vaa ile sweta niliyokutumia hata kama rangi yake huipendi, huko hakuna anayekujua. Sisi tu wazima wa mwili. Mama analalamikia goti lakini akisikia kuna harusi linapona. Mahindi yamekubali mwaka huu, hilo nalo tushukuru.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kama zile za Baba enzi zake, na simu ninayo. Wewe kaka yangu nakujua. Jambo likiingia kwenye simu yako, kabla sijapumua limeshafika kwenye kundi la familia. Ndiyo maana nimeandika, na binamu yetu Gathii akirudi huko atakukabidhi mwenyewe. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari ya Nasambu wetu wa dukani na zile kamera za agrovet yetu ya Bungoma.

Nasambu hayuko sawa, Muchiri. Tulipomzika Nakhumicha wake nilidhani nimeona huzuni yote anayoweza kuwa nayo, kumbe ile ilikuwa mwanzo tu. Mtoto mmoja pekee, yuko mwaka wa pili hapo chuoni Kibabii, anakuja zake alasiri kumngoja mama yake wafunge duka waende nyumbani pamoja, na gari linamgonga hapo mbele ya mlango wetu na kwenda zake. Mvua ilikuwa kubwa na kila mtu alikuwa amejificha. Waliochungulia wanasema lilikuwa gari jeupe. Sasa Bungoma nzima utasimamisha magari meupe mangapi? Polisi walituambia wazi kwamba tukileta namba ya gari wataanza kazi, na tusipoleta hawana pa kuanzia.

Namba hiyo ingetoka kwa kamera yetu inayoangalia barabara. Uliinunua kwa ajili ya wezi wakati lori linateremsha mbolea, na inaona hadi ng'ambo. Lakini alasiri ile haina kitu. Picha inakwenda vizuri, halafu inaruka, halafu ni jioni na watu wamejaa barabarani wakiwa wameshika vichwa.

Wewe ndiwe uliyekuwa umelalamika kwamba rekodi zina mapengo. Uliandika kwenye kundi, nakumbuka maneno yako, kwamba kuna mtu anazima kamera makusudi na akipatikana aende nyumbani. Nasambu alisomewa. Na baada ya mazishi ukampigia simu ukamwambia, "Tutampata aliyezima." Ulisema kwa uchungu na sikulaumu. Lakini tangu siku hiyo Nasambu ameacha kumtafuta dereva. Anamtafuta aliyezima.

Basi nikamchukua Kipsang, yule fundi wa hapa Kitale, tukaenda. Alianza na rekoda kule chumba cha nyuma akidhani diski imechoka. Akaweka nyingine, na mapengo yakaendelea. Akakuta kamera zimepangwa zirekodi kitu kikisogea tu, akazipanga zirekodi mfululizo. Mapengo yakarudi. Akapata waya umetafunwa na panya juu ya dari, tukafurahi kama watu waliookota ng'ombe, na kumbe ulikuwa waya wa zamani usiofanya kazi yoyote.

Nilishika tumaini moja la mwisho. Kipsang alisema kila kamera ina kikadi kidogo ndani yake, kwa hivyo mtandao ukikatika kamera inaweza kujiwekea picha yenyewe. Alipanda ngazi akatoa cha barabarani. Nasambu alikuja kushika ngazi. Kikadi nacho kilikuwa na pengo lile lile. Kamera hizi zinakula umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, na umeme ukiondoka zinapofuka zote.

Hapo ndipo Kipsang akakaa chini kidogo. Rekoda haikuwa imezimika hata mara moja, kwa sababu ina betri yake. Kamera zote nne ndizo zilizokuwa zikipotea kwa pamoja. Kwa hivyo akafuata kile kisanduku kinachozigawia umeme, juu ya dari. Waya wake ulishuka nyuma ya rafu za dawa za mifugo ukaishia chini ya kaunta, kwenye ekstensheni moja na redio, birika na mizani. Aliyezifunga mara ya kwanza alichomeka hapo na hakuna aliyeambiwa.

Tukarudi chumba cha nyuma tukaangalia picha ya mwisho kabla ya kila pengo, ile ya kamera ya ndani. Muchiri, utakumbuka Baba alivyorudi kutoka Cheptais baada ya radi kuua ng'ombe wa jirani na kuchoma redio ya nyumba. Utakumbuka alivyotufundisha. Mvua ikinguruma tu, hata kwa mbali, chomoa kila kitu. Tulikuwa tunakimbizana nani atafika kwenye redio kwanza. Naamini hata wewe huko kwenye maghorofa bado unachomoa.

Nasambu naye alifundishwa na Baba, alipoajiriwa akiwa msichana. Kila picha ya mwisho ni yeye. Anainua kichwa kusikiliza, anaweka kando anachopima, anainama chini ya kaunta. Halafu pengo. Siku ile pia.

Kipsang aliniangalia. Nilimwonyesha kwa mkono afunge. Kule mbele nilimsikia Nasambu akimwelezea mteja jinsi ya kuwapa mbuzi dawa ya minyoo, kwa upole wake ule ule. Halafu akatuletea chai.

"Mama Kui, imepatikana?"

"Bado."

"Si basi kunyweni kwanza. Huyo mtu alizima hii kitu, hata akijificha wapi, Mungu anamuona."

Hajui. Yeye anajua kamera zinapata umeme kwenye ule mtambo wa chumba cha nyuma, na ufunguo ninao mimi. Siku ile alichomoa, akakaa kwenye kiti kungoja radi ipite. Ameniambia mwenyewe kwamba alisikia kishindo huko nje, akadhani ni ngurumo.

Nimefikiria kumwambia hadi kichwa kinauma. Nikimwambia, nitakuwa nimemmaliza, na hapo sitii chumvi, naona kabisa hatapona. Nikinyamaza, yuko Hesbon. Ni yule jirani anayetengeneza simu, ambaye yeye na Nasambu walikuwa wakigawana hata sukari. Nasambu ameamua ni yeye, ati kwa sababu anajua mambo ya waya. Hamsalimii tena. Wateja wameanza kunong'ona na kumpita. Juzi Hesbon aliniuliza, "Sasa mimi nimewakosea wapi, bana?" Nilimwambia Nasambu ana uchungu tu, avumilie. Nilijichukia.

Kwa hivyo nakuomba mawili. Usimpigie tena Nasambu kumpa moyo kuhusu aliyezima. Na usihangaike kwamba kamera hazifunguki kwenye simu yako. Hazijaharibika. Ni mimi nilibadilisha neno la siri, na picha zile nimezifuta, Kipsang akiwa shahidi. Ukikasirika, kasirika. Kama una njia ya tatu niambie, kwa maana mimi sijaiona.

Kamera sasa ni nzima. Kile kisanduku kimehamishiwa kwenye betri ya rekoda na mapengo yameisha. Wiki jana mvua ilianza kunguruma Bungoma nikiwa hapa Kitale, nikafungua simu. Nilimwona Nasambu akiinua kichwa, akainama, akachomoa. Halafu akasogeza kiti akakaa akitazama barabara mpaka mvua ikaisha. Kamera ilirekodi yote. Nililia mpaka Kui akaja kuniuliza nani amekufa.

Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini, jibu unalijua wewe. Shangazi Waruguru na watu wake wote wa Kimilili wanakusalimu. Kui anasema usisahau viatu vyake. Busu watoto wote, na Mungu awafunike huko mliko, awaepushie simu ya kuwaambia kilichotupata sisi.

Nasambu naye anakusalimu sana. Anasema hajasahau ahadi yako. Kila Jumapili anasimama kanisani anaomba Mungu amtoe hadharani aliyezima kamera, amlipe sawa na alichofanya, na kanisa zima linaitikia amina. Jumapili hii nilikuwa kando yake. Alinishika mkono akanigeukia, akaona mdomo wangu hausemi, akangoja.

Niliitikia.

Ni mimi dadako, nikupendaye siku zote,
Gladwell Wakonyo.