Na Yakobo Yuko Wapi?

Kabuga, 18 Novemba 1990

Mwanangu Clovis,

Nakusalimu, wewe na baba yako, kaka yangu, na nyumba nzima ya Buyenzi. Mimi ni mzima, kifua tu kinanisumbua kwa vumbi. Barua hii nimempa dereva wa lori, maana za posta siku hizi zinafunguliwa.

Mmesikia vita vilivyoanza mpakani Oktoba. Wiki ile ile askari walimchukua mume wangu Mutsinzi, mkasi wa ushonaji ukiwa bado mkononi. Wanasema watu kama yeye ni ibyitso, wasaliti wa ndani. Mutsinzi, ambaye hajaficha hata kifungo cha shati la mteja! Nimefika gerezani mara tano. Chakula wanapokea, yeye hawanionyeshi.

Lakini usihuzunike, atatoka. Nimeshika Matendo kumi na mbili, pale malaika anapomwamsha Petro gerezani: "Minyororo yake ikamwanguka mikononi." Niliwasomea jirani zangu kwa sauti kubwa. Ndipo Xavérine wa nyumba ya pili akaniuliza, "Na Yakobo yuko wapi? Sura ni hiyo hiyo. Yeye aliuawa kwa upanga. Hakuwa na watu wa kumwombea?"

Nawe unajua sipendi kushindwa kwa maneno. Wewe unasomea ukatekista. Nijibie.

Shangazi yako,
Illuminée

Buyenzi, Bujumbura, 9 Desemba 1990

Shangazi mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Kifua vipi? Kunywa maji ya moto na asali.

Nilimuuliza padri. Alisema ni siri ya Mungu, akaenda kula. Basi nikasoma mwenyewe hadi mwisho wa sura. Lango la chuma la gereza lilimfungukia Petro lenyewe, kisha malaika akamwacha barabarani. Akaenda kubisha kwenye nyumba walimokuwa wakimwombea, na mlango ule haukufunguka wenyewe. Binti aliyemsikia alirudi ndani mbio, wenzake wakamwambia ana wazimu. Petro amesimama nje anabisha! Naona muujiza una kazi ya malaika, halafu una kazi ya wenye nyumba.

Kuhusu Yakobo sijui, Shangazi. Nisikudanganye.

Baba anasema ufunge nyumba, uje kwetu.

Mwanao,
Clovis

Kabuga, 3 Machi 1991

Mwanangu Clovis,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu, utaona kwa nini.

Jumanne mchana nilikuwa na Xavérine tunachambua maharage. Mtu akabisha. Nilijua ni Mutsinzi. Maharage yote chini, nikakimbia. Xavérine akanishika kitenge.

"Usifungue! Wameanza kuwaachia wafungwa. Wakiona mmoja wao kwako, watakurudia wewe!"

Nilifungua. Hakuwa Mutsinzi. Alikuwa mwanamume mgeni, mifupa mitupu, miguu imevimba, viatu ameshika mkononi. Nikuambie kweli, nilitamani kufunga.

"Mimi ni Kubwimana, mwalimu wa Kibagabaga," akasema. "Kaka yangu amenijibu dirishani nisimletee matatizo. Mzee Mutsinzi aliniambia gerezani, ukitoka nenda kwangu, mke wangu atakufungulia."

"Na yeye atatoka lini?"

Akaketi pale pale kizingitini. "Alifariki Januari, mama. Kuhara damu. Nilikuwa nimemshika kichwa. Nisamehe. Mimi nimetoka, yeye hakutoka."

Nililia hadi sauti ikaniishia. Ni Xavérine aliyechemsha maji akamuosha mwalimu miguu.

Siku ya tatu nikairudia sura yetu. Clovis, nyumba iliyomfungulia Petro ilikuwa bado na msiba! Nikamwita Xavérine. "Yakobo alikuwa na watu wa kumwombea," nikamwambia. "Ndio hao hao waliomfungulia Petro." Akainuka, akaenda kumchemshia mwalimu maji mengine ya miguu.

Shangazi yako,
Illuminée

Buyenzi, 20 Machi 1991

Shangazi,

Ihangane, jipe moyo. Tumemwombea Mzee misa. Baba analia akijificha bafuni, anadhani hatumsikii. Anasema sasa hakuna cha kukushikilia huko. Atafika baada ya Pasaka kukuchukua.

Nimesoma barua yako mara nne. Padri ameiazima.

Mwanao,
Clovis

Kabuga, 7 Aprili 1991

Mwanangu Clovis,

Bwana amefufuka! Mko wazima wote? Mimi naendelea. Bado nalia, hasa nikipiga pasi, lakini hofu imenitoka.

Sasa wafungwa wanaachiwa kwa makundi, na wengi hawapokelewi makwao. Kila asubuhi tunakwenda wanawake sita na uji hadi njia ya gereza. Xavérine anabeba sufuria kubwa, anatufokea kwamba tunatembea kama bibi harusi. Jana tulirudi na watu wanne. Mmoja ni Annick, msichana karani, amekula sahani mbili. Kubwimana anajifunza cherehani ya Mutsinzi na anaharibu kila kitambaa anachogusa.

Mwambie baba yako aje, nimeukumbuka uso wake. Ila asije kunichukua. Abebe mablanketi yote aliyonayo, na ajiandae kulala chini kama wengine, maana vitanda vimejaa.

Shangazi yako,
Illuminée